Kununua Boti ya Upepo ya Kuvulia Samaki Mtandaoni: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi Aliye Uganda

Mtu anayenunua mtumbwi wa mbao pale Masese au Ggaba huuzunguka, huugonga kwa kifundo cha kidole, huchokoa maungio ya mbao kwa ncha ya kisu kuona kama yameoza, kisha ndipo anapoanza kutaja bei. Anayenunua boti ya kujazwa upepo kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni hana nafasi hiyo. Hulipia picha, na wiki kadhaa baadaye huletewa sanduku lenye kitambaa kilichokunjwa, ambacho hakionyeshi kasoro yake mpaka kijazwe hewa. Ukaguzi wake wote, kwa hiyo, huangukia mahali pawili: maswali anayouliza kabla fedha hazijatoka, na saa 24 za kwanza baada ya sanduku kufunguliwa. Mimi niliijua sehemu ya kwanza nikaipuuza ya pili, na boti yangu ya kwanza nusura inizamishe mbele ya Jinja. Habari hiyo nitaieleza mahali pake.

Hatua ya 1: Amua maji kabla ya kuamua boti

Swali la kwanza si urefu wa boti wala bei yake, bali ni wapi utakapoishusha. Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na dhoruba zake nyingi hujengeka usiku, wakati hewa ya nchi kavu inapopoa na kumiminikia ziwani kutoka pande zote. Mvuvi anayetoka alfajiri anaweza kukuta mabaki ya dhoruba hiyo yakimsubiri nyuma ya kisiwa. Bunyonyi ni ziwa lenye kina kirefu lakini limezungukwa na vilima, na halina viboko wala mamba. Kyoga ni ziwa la maji ya kina kifupi lenye magugu mengi, ambako injini hunaswa na pondo hufaa kuliko kasia. Nile chini ya Jinja ina maporomoko na mawe, na chini ya maporomoko ya Murchison kuna sangara wanaoweza kupita kilo 100, pamoja na mamba na viboko kwa wingi.

Niseme bila kuzunguka: mahali penye viboko au mamba wengi, usiende na boti ya upepo peke yako, hata kama tangazo limesema kitambaa chake hakichaniki. Hakuna kitambaa cha boti kinachostahimili jino la kiboko. Kwenye mfereji wa Kazinga, Ziwa Edward na Nile ya Murchison, kodi boti ya mbao au ya alumini pamoja na nahodha anayeyajua maji hayo.

Baada ya kuamua maji, utachagua kati ya aina mbili ambazo wauzaji wengi huziweka kwenye tangazo moja kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza ni rafti, yaani chombo ambacho tyubu zake zimeunganishwa kwa duara, omo (mbele) na tezi (nyuma) zikiwa zimenyanyuka, na sakafu yake ina matundu ya kujitolea maji yenyewe. Juu yake hufungwa fremu ya chuma au alumini yenye kiti cha mpiga makasia katikati na viti vya wavuvi mbele na nyuma. Rafti ya namna hii imetengenezwa kwa ajili ya mto: huzunguka mahali pamoja, hupita juu ya mawe, na maji yanayoingia hutoka. Ziwani, hata hivyo, hugeuka mateso, kwa sababu haina mkuku, yaani uti wa chini unaoshika mwelekeo, upepo huisukuma upendavyo, na makasia pekee hayatoshi kuirudisha pwani upepo ukikaza. Ya pili ni boti yenye tyubu zilizochongoka nyuma, ubao wa tezi wa kufungia injini, na mkuku wa hewa unaoisaidia kushika mwelekeo. Anayevua sato karibu na ufuko wa Entebbe au kwenye ghuba za Ssese anahitaji hii ya pili. Anayetaka kuteremka Nile kwa siku nzima akirusha chambo anahitaji ile ya kwanza, tena akiwa na mtu anayeujua mto, kwa kuwa mabwawa ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yamebadilisha sehemu kubwa za mkondo ule na ramani za zamani hazimfai tena.

Hatua ya 2: Uliza sheria ukiwa bado na fedha zako

Watu wengi huagiza kwanza na kuuliza vibali baadaye, na hapo ndipo wanapopata hasara isiyorudi. Kuanzia mwaka 2017 kikosi cha jeshi cha kulinda uvuvi kilikamata na kuteketeza vyombo na nyavu zisizoruhusiwa kwenye maziwa ya Uganda, na kwa uvuvi wa biashara kwenye Ziwa Viktoria kipimo kinachodaiwa ni mtumbwi usiopungua futi 28. Boti ya upepo yenye urefu wa mita 3.3 ni chini ya futi 11. Maana yake ni kwamba boti hii si chombo cha kutafutia riziki ya uvuvi ziwani, na muuzaji anayekuambia utairudisha gharama yake kwa miezi mitatu ya kuuza samaki ama haijui nchi hii ama hajali. Inunue kwa uvuvi wa burudani kwa ndoana, kwa kuhudumia vizimba vyako vya samaki, au kwa bwawa lako mwenyewe.

Nenda kwa ofisa uvuvi wa wilaya yako ukiwa na picha na vipimo vya boti unayoitaka, umweleze utavua wapi na kwa zana gani, umwombe akuonyeshe kibali kinachokuhusu chini ya Sheria ya Uvuvi na Ufugaji wa Samaki ya mwaka 2022. Pita pia kwa viongozi wa mwalo, yaani mahali pa kushushia samaki, utakaoutumia, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa askari wakifika. Ndani ya hifadhi kama Murchison na Ziwa Mburo, kibali cha uvuvi wa burudani hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Usajili na usalama wa chombo chenyewe unaangukia Sheria ya Usafiri wa Maji ya mwaka 2021, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Majibu yote yapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Jua pia ukubwa wa samaki unaoruhusiwa ungali unajipanga. Sato hatakiwi kupungua inchi 11, na sangara hatakiwi kupungua inchi 20. Bandika rula ndani ya boti siku utakayoipokea.

Hatua ya 3: Lisome tangazo kama anayekagua mshono

Tangazo la kawaida litakuambia urefu, rangi na idadi ya watu. Hayo ni ya mwisho kwa umuhimu. Anza na kitambaa.

Boti nyingi za bei ya kati zimetengenezwa kwa PVC, aina ya plastiki, iliyofumwa ndani kwa nyuzi za polyesta. Unene wa milimita 0.9 ndio ninaouona kuwa wa chini kabisa kwa mtu anayekusudia kutumia boti kila wiki, na uzito wa nyuzi uwe denia 1000 au zaidi. Tangazo lisilotaja unene ni la kulirudia kwa swali, na jibu la “kitambaa kinene sana” si jibu. Zile boti za plastiki nyembamba zisizo na nyuzi ndani, ambazo huuzwa kwa bei ya jozi ya viatu, ni vitu vya kuchezea kwenye bwawa la kuogelea; asiingie nazo mtu ziwani.

Kitambaa cha pili ni kile kilichopakwa mpira wa kiwandani, ambacho wafanyabiashara hukiita Hypalon. Jina hilo lilikuwa la mpira wa kampuni ya DuPont, ambayo ilikwisha acha kuutengeneza, na leo hutumika kwa vitambaa vya aina hiyo kutoka kwa watengenezaji wengine. Hustahimili jua na petroli kuliko PVC, na hapa kwetu kwenye ikweta jua ndilo adui anayekula boti kila siku, hata siku ambayo huvui. Bei yake ni kubwa zaidi. Kwa mtu atakayeiacha boti nje mwaka mzima, tofauti hiyo ya bei inalipa. Kwa anayeikunja na kuirudisha chumbani kila jioni, PVC nzuri inatosha, na fedha iliyobaki anunulie majaketi bora.

Baada ya kitambaa uliza mishono. PVC inaweza kuunganishwa kwa joto au kwa gundi. Mshono wa joto huzifanya pande mbili kuwa kitu kimoja, wakati mshono wa gundi hutegemea umakini wa fundi na umri wa gundi yenyewe, na joto la miezi kadhaa ndani ya kontena haliisaidii gundi hiyo. Omba picha ya karibu ya sehemu tatu: mahali ubao wa tezi unapokutana na tyubu, mahali sakafu inapokutana na tyubu, na ncha za nyuma za tyubu. Picha iwe ya boti ileile utakayouziwa. Kwenye picha tafuta gundi iliyomwagika nje ya mstari, utepe wa mshono ulionyanyuka pembeni, na mikunjo midogo kama ya shati lililopigwa pasi vibaya. Kila mkunjo kama huo ni njia ambayo hewa itaitafuta.

Vyumba vya hewa visipungue vitatu mbali na sakafu, ili kimoja kikipasuka vingine vikufikishe pwani. Kuhusu sakafu, iliyo bora kwa mvuvi anayesimama ni ile ya hewa yenye maelfu ya nyuzi zinazounganisha uso wa juu na wa chini, kwa sababu hujazwa hadi psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 8 au 10 na kuwa ngumu kama ubao, tofauti na tyubu zinazojazwa takriban psi 3 hadi 3.6 tu.

Kisha omba picha ya bamba la mtengenezaji. Bamba hilo, ambalo hubandikwa karibu na tezi, hutaja idadi ya juu ya watu, mzigo wa juu, nguvu ya juu ya injini na msukumo wa hewa unaotakiwa. Likiwa na alama ya CE, yaani ya viwango vya Ulaya, litaonyesha pia herufi ya daraja. Daraja D ni la maji yaliyojificha, yenye upepo usiozidi 4 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi ya kawaida ya mita 0.3. Daraja C ni la ghuba, maziwa na mito mikubwa, kwa upepo hadi 6 kwenye kipimo hichohicho na mawimbi hadi mita 2. Kwa Ziwa Viktoria nje ya ghuba, sikubali chini ya C. Litafute pia jina la kiwango cha ISO 6185, ambacho ndicho kinachohusu boti za kujazwa upepo.

Upande wa kulia wa tezi panatakiwa kuwa na namba ya utambulisho wa boti yenye herufi na tarakimu 14: herufi mbili za nchi, tatu za mtengenezaji, tano za mfululizo, herufi moja ya mwezi ambapo A ni Januari, tarakimu ya mwaka, na mbili za mwisho za mwaka wa modeli. Kwa namba hiyo unaweza kujua boti imekaa ghalani muda gani. Boti “mpya” iliyokunjwa kwa miaka minne imekwisha kuzeeka kwenye mikunjo.

Neno moja kuhusu injini, kwa kuwa wauzaji hawalitaji. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini isiyosukumiwa hewa kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Injini ya nguvu farasi 10 itakupa takriban 9. Jambo hilo si sababu ya kuzidisha kipimo cha bamba, bali ni sababu ya kupunguza mzigo.

Hatua ya 4: Mpime muuzaji

Chukua picha za tangazo uzitafute mtandaoni kwa njia ya picha. Zikitokea kwenye maduka kumi yenye majina tofauti, hujathibitisha ulaghai, maana wachuuzi wengi hutumia picha za kiwandani, lakini umejua kwamba huyu hajaigusa boti. Mwombe basi akutumie video fupi ya boti ikiwa imejazwa, kamera ikipita taratibu kwenye mishono ya tezi, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo ikiwa imewekwa juu ya tyubu. Muuzaji mwenye boti hufanya hivyo kwa dakika kumi. Asiye nayo huanza kuharakisha: kuna mteja mwingine, ofa inaisha leo usiku, lipa nusu nikuwekee.

Mwulize pia maswali matatu ambayo majibu yake huwezi kuyabahatisha: gundi ya kurekebishia ni ya aina gani, valvu ni ya aina gani na vipuri vyake vinapatikana wapi, na mshono ukifunguka ndani ya mwaka mmoja nani atalipa nauli ya kuirudisha boti. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Dhamana ya miaka mitatu inayokutaka urudishe kilo 50 hadi Asia kwa gharama yako ni maneno tu. Mimi hukubaliana mapema kwa maandishi kwamba kasoro ikionekana kwenye video, muuzaji atanirudishia sehemu ya fedha itakayotosha kumlipa fundi wa hapa.

Ikiwa muuzaji yuko Uganda, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka akupe jina lake kamili, anwani yake, maelezo ya bidhaa na bei yote kamili. Mwambie hivyo kwa adabu. Na akiwa Kampala au Entebbe, usilipe chochote. Panda gari uende ukaione ikijazwa. Sheria hiyo ina nguvu ndogo kwa muuzaji aliye Guangzhou, na kwa huyo ngao yako ni namna utakavyolipa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya bei mpaka mlangoni

Bei ya tangazo inaweza kuwa nusu tu ya utakachotoa. Anza na usafirishaji. Kwa ndege hulipii kilo za mizani tu. Wasafirishaji hulinganisha uzito halisi na uzito wa ukubwa, unaopatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha kugawanya kwa 6,000, au kwa 5,000 kwa baadhi ya kampuni za vifurushi, na hutoza ulio mkubwa. Sanduku la sentimita 110 kwa 60 kwa 35 huhesabiwa kilo 38.5 kwa kanuni ya kwanza na kilo 46.2 kwa ya pili, hata kama mizani inasema 35. Kwa hiyo omba vipimo vya sanduku, si vya boti. Kwa meli ni nafuu zaidi ikiwa utachanganya mzigo wako na wa wengine kupitia mkusanyaji mizigo, lakini utapita Mombasa na Malaba au Busia, na muda wake hupimwa kwa miezi.

Kisha kodi. Kwa mzigo wa meli, forodha haikokotoi kwa bei ya boti peke yake, bali kwa bei, bima na nauli pamoja. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na kiwango chako hutegemea fungu ambalo bidhaa itawekwa: boti za burudani na michezo, zikiwemo za kujazwa upepo, ziko kwenye fungu la 8903, wakati vyombo vya uvuvi viko kwenye 8902. Mwachie wakala wa forodha mwenye leseni aamue, wala usimruhusu muuzaji aandike “vifaa vya kuchezea” kwenye ankara ili akupunguzie. Mzigo ukifunguliwa, faini ni yako.

Chukua mfano wa kukokotoa kwa mzigo wa meli. Boti, bima na nauli jumla dola 1,000. Kiwango kikiwa asilimia 25, ushuru ni dola 250. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya 1,250, nayo ni dola 225. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni dola 60, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni dola 15. Umefika dola 1,550 kabla ya tozo nyingine zozote za forodha, malipo ya wakala, hifadhi ya ghala na gari la kuileta nyumbani. Kama huna namba ya mlipakodi ya URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda), ishughulikie sasa, si siku mzigo umefika na ghala linahesabu siku.

Weka bei hiyo kamili kando ya boti ya mbao ya kuagiza kwa fundi wa mwaloni. Mara nyingi, ikiwa huhitaji kuikunja boti na kuisafirisha, fundi wa mwaloni ndiye atakayeshinda, na sioni aibu kumwambia mtu hivyo.

Hatua ya 6: Lipa kwa njia inayorudi

Fedha ya simu ikishatumwa kwa muuzaji usiyemjua, kuirudisha ni bahati. Uhamisho wa benki nao ni vivyo hivyo. Lipa kwa kadi kupitia soko linaloshikilia fedha mpaka uthibitishe umepokea mzigo, na usikubali kamwe kutoka nje ya soko hilo kwa sababu ya punguzo la asilimia 5. Punguzo hilo ndilo bei unayouzia ulinzi wako.

Kabla ya kubonyeza, andika kwenye daftari tarehe tatu: siku ya mwisho ya muuzaji kutuma, siku ambayo ulinzi wa mnunuzi unaisha, na siku ambayo mzigo unatarajiwa. Ikiwa ya pili inaangukia kabla ya ya tatu, kama inavyotokea mara nyingi kwa mizigo ya meli inayokuja Uganda, omba ulinzi uongezwe kwa maandishi ndani ya soko lenyewe. Hifadhi mazungumzo yote, ankara, orodha ya vilivyofungashwa na picha za tangazo, kwa kuwa tangazo linaweza kubadilishwa baada ya wewe kulipa.

Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza

Boti yangu ya kwanza ilifika siku ya Ijumaa. Niliijaza uani, nikaikandamiza kwa goti, nikaona imekaza, na baada ya nusu saa nikaikunja nikiwa nimeridhika. Kesho yake alfajiri niliishusha majini. Kufikia saa nne asubuhi tyubu ya kulia ilikuwa imeanza kulegea karibu na tezi, na upepo ulikuwa unatoka pwani kwenda ndani. Nilipiga kasia kwa saa nzima bila kusogea. Waliniokoa wavuvi wa mukene (dagaa) waliokuwa wakirudi, wakanifunga kamba na kunivuta hadi mwaloni. Nilipomwandikia muuzaji, alijibu kwamba boti iliyokwisha kuingia majini hairudishwi. Hakunidanganya, sharti hilo lilikuwepo kwenye tangazo.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga video bila kukata, kuanzia sanduku likiwa limefungwa na lebo yake ikionekana. Tandaza turubai chini, fungua, hesabu kila kitu kwa kulinganisha na orodha. Linganisha namba ya utambulisho na ile uliyotumiwa.

Jaza tyubu kivulini, jioni, kwa pampu yenye kipimo cha msukumo, ukizungusha chumba hadi chumba ili kuta za ndani zisivutwe upande mmoja. Fika kwenye msukumo wa bamba, andika namba na saa. Sasa chukua bakuli la maji, kipande cha sabuni na brashi laini ya rangi, ukoroge mpaka povu liwe zito, upake mishono yote, valvu zote na ukingo wote wa ubao wa tezi. Kaa ukitazama, usipake na kuondoka. Tundu kubwa hutoa povu mara moja, lakini lile lililonipeleka ziwani lilionekana, nilipolitafuta baadaye, kama punje ndogo nyeupe zilizokuwa zikijipanga polepole kwenye pembe ya chini ya ubao, moja baada ya moja, mfano wa mayai ya chura. Ilichukua karibu dakika mbili punje ya kwanza kutokea.

Iache boti imejaa usiku kucha na siku inayofuata mpaka saa ileile uliyoanzia, ikiwa kivulini muda wote. Pima tena katika joto linalofanana na la mwanzo. Msukumo ukishuka kidogo si hoja, kwa sababu kitambaa kipya hunyooka. Ukishuka kwa robo au zaidi, au chumba kimoja kikishuka kuliko vingine, pana tundu. Tuma video na vipimo kwa muuzaji siku hiyohiyo, kupitia soko, kabla boti haijagusa maji.

Nasisitiza kivuli kwa sababu ya hesabu hii. Tyubu iliyojazwa baa 0.25 (takriban psi 3.6) asubuhi kwenye nyuzi 22, ikiachwa juani hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 50, msukumo wake hupanda kukaribia baa 0.35. Mishono mingi inayosemekana kuwa mibovu imefunguliwa na jua la saa saba mchana, boti ikiwa imevutwa ufukweni huku mwenyewe akila chakula. Ukiitoa majini, punguza hewa.

Hatua ya 8: Vitu ambavyo sanduku halina

Makasia mazuri, pampu ya akiba na kamba ya nanga nunua mwenyewe, kwa kuwa vile vinavyokuja na boti ni dhaifu. Jaketi la kuokolea liwe la newtoni 100 au zaidi kwa kila mtu. Lile la newtoni 50 ni la waogeleaji walio karibu na msaada. Liwe limevaliwa, si limekaliwa.

Gundi ilingane na kitambaa. Gundi ya PVC haishiki Hypalon, na ya Hypalon haishiki PVC, na ile ya fundi viatu haishiki vyote viwili kwa muda wowote wa maana. Nunua ya sehemu mbili, angalia tarehe yake, na ukibandika kiraka kipe saa 24 kabla ya kujaza. Tandika mkeka mnene sakafuni: miiba ya mgongo wa sato hupenya mahali ambapo mtu hategemei, na ndoana zikae ndani ya kopo lenye mfuniko.

Mara ya kwanza majini, funga kamba ndefu kutoka omo hadi kwa mtu aliye ufukweni, kaa ndani kwa saa moja mahali maji yanapofika kiunoni, sogea mbele na nyuma, simama, keti, kisha papasa tyubu zote kwa mkono. Ukitoka, suuza mchanga, kausha kila mkunjo, hasa chini ya sakafu, na uikunje kwa ulegevu ukibadilisha mahali pa mikunjo. Kipimo cha msukumo wa siku hiyo kiandike kwenye daftari lilelile lenye tarehe za malipo, na uendelee kukiandika kila safari, kwa sababu mshono unaoanza kufunguka huonekana kwenye safu hiyo ya namba wiki kadhaa kabla ya kuonekana kwa macho.